Mashine ya Plazma: Mambo ya Kupima Kabla Fundi Hajatoa Pesa

Mashine ndogo ya kukata chuma kwa plazma hubebwa kwa mkono mmoja. Kwa fundi aliyezoea kukata mabamba kwa grenda kuanzia asubuhi hadi jioni, maandishi yaliyo kwenye boksi lake yanavutia: inakata milimita 12, haitaki diski wala mitungi ya gesi.

Kisha mashine inafika karakanani. Inawashwa, inakata kwa dakika mbili, sakiti breka inaruka. Inawashwa tena, na sasa kompresa ndiyo inayoishiwa na hewa. Mkato unaanza vizuri na kuishia ovyo, huku chuma kilichoyeyuka kikiganda upande wa chini kama nta ya mshumaa. Baada ya wiki chache mashine imefunikwa gunia kwenye pembe ya karakana, grenda imerudi kazini, na mkopo ungali unalipwa.

Mara nyingi mashine yenyewe huwa haina kasoro. Kilichokosewa ni hesabu iliyofanywa kabla ya kuinunua. Mashine ya plazma hainunuliwi peke yake. Hununuliwa pamoja na umeme wa kuiendesha, hewa ya kuipulizia na kazi ya kuilipia. Kati ya vitu hivyo vitatu, kilicho dhaifu zaidi ndicho kitakachoamua itakata nini.

Makala haya yanaeleza jinsi fundi wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil au Naivasha anavyoweza kufanya hesabu hiyo kabla hajatoa hata shilingi moja.

INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya tochi ya mashine hii mna vipande viwili vidogo vya shaba: elektrodi na ncha yenye tundu jembamba. Hewa iliyoshindiliwa hupita kati ya vipande hivyo huku umeme ukiruka ndani yake. Hewa hiyo hupata joto kali mno, hadi nyuzi 20,000 za Selsiasi, na kugeuka kuwa plazma, yaani gesi inayopitisha umeme. Plazma hutoka kwenye tundu kwa kasi, huyeyusha chuma na papo hapo kukipuliza chini.

Mbinu hii si ngeni. Robert Gage, mhandisi wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani, alipata hataza ya tochi ya aina hiyo mwaka 1957. Mashine za kwanza zilikuwa kubwa na za bei ya viwandani. Kilichozifikisha kwenye karakana ndogo ni teknolojia ya inveta, ile ile iliyopunguza uzito wa mashine za kuchomelea.

Tofauti yake na gesi ya oksijeni na asetilini ni kubwa. Gesi hukata kwa kuunguza chuma ndani ya oksijeni, na kwa sababu hiyo haikati alumini wala chuma kisichoshika kutu. Plazma hukata metali yoyote inayopitisha umeme. Tena joto lake hukaa mahali padogo, kwa hiyo bamba jembamba halipindiki sana.

KWANZA KAZI, KISHA MASHINE

Swali la kwanza halihusu mashine. Ni hili: karakana hii inakata nini, unene gani, na mara ngapi kwa wiki?

Kaunti ya Nakuru ina kazi za chuma za kila aina. Karakana za mjini hutengeneza zaidi milango, madirisha na mageti. Njoro na Mau Narok, kwenye mashamba ya ngano, huletwa tela na majembe ya trekta. Wafugaji wa Bahati na Subukia hutaka mashine za kukata nyasi na mabirika ya kulishia ng'ombe. Naivasha kuna mashamba ya maua yanayohitaji fremu na meza za chuma.

Kazi hizo hazihitaji kifaa kimoja. Fundi ambaye siku nzima anakata paipu za mraba za geji 16 kwa mikato iliyonyooka hana sababu kubwa ya kununua plazma. Grenda au msumeno wa kukatia paipu utamtosha, na utaacha ukingo ulio tayari kuchomelewa. Anayekata vyuma vizito vya zaidi ya milimita 25, tena shambani mbali na umeme, atahudumiwa vizuri zaidi na mitungi ya gesi.

Plazma hulipa pale penye mabamba. Hulipa pale panapotakiwa mikato ya mviringo, matundu makubwa, maua ya mageti, pande za mashine ya kukata nyasi, au alumini na chuma kisichoshika kutu. Bamba la milimita 3 linaloigharimu grenda diski na dakika kadhaa kwa kila mita hukatwa na plazma kwa kasi ya zaidi ya mita moja kwa dakika.

Kwa wiki mbili hivi, fundi anaweza kuandika kwenye daftari kila bamba alilokata, unene wake na muda uliotumika. Daftari hilo litamshauri vizuri kuliko tangazo lolote.

MILIMITA ZA KWENYE BOKSI

Mashine mbili zinaweza kuandikwa milimita 12 na zisiwe sawa hata kidogo. Sababu ni kwamba kuna vipimo vitatu vinavyotumiwa kueleza uwezo wa kukata.

Cha kwanza ni mkato wa kila siku, ambapo mashine husonga takriban milimita 500 kwa dakika na kuacha ukingo safi. Cha pili ni mkato wa juu kabisa unaokubalika, kwa nusu ya kasi hiyo. Cha tatu ni kutenganisha tu, takriban milimita 125 kwa dakika, ambapo chuma hukatika lakini ukingo huwa mbovu na lazima usagwe kwa grenda. Wauzaji wengi hutangaza kipimo cha tatu. Fundi ananunua kwa ajili ya kipimo cha kwanza.

Kwa makadirio, mashine ya ampea 30 hufaa mabamba ya hadi milimita 6 kwa kazi ya kila siku. Ya ampea 40 hufaa milimita 8 hadi 10, na ya ampea 60 hufaa takriban milimita 16. Uwezo wa kutoboa katikati ya bamba huwa mdogo zaidi, mara nyingi karibu nusu ya uwezo wa kukata kuanzia ukingoni. Anayetaka kutoboa matundu kwenye bamba la milimita 6 asinunue mashine ambayo mwisho wake ni milimita 6.

Kanuni rahisi ni kuchagua mashine kwa unene unaokatwa mara nane kati ya kumi. Ule mnene unaokuja mara moja kwa mwezi unaweza kupelekwa kwa jirani mwenye gesi.

UMEME: SOKETI YA KAWAIDA HAITOSHI

Umeme wa kawaida nchini Kenya ni wa volti 240 kwa fezi moja, na volti 415 kwa fezi tatu. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13. Ukizidisha volti 240 kwa ampea 13 unapata wati 3,120, na huo ndio mwisho wake.

Mashine ya plazma ya ampea 40 hutoa volti zipatazo 96 wakati wa kukata. Hiyo ni karibu kilowati 3.8 kwenye tochi. Ukiongeza nguvu inayopotea ndani ya mashine, inahitaji takriban kilowati 4.5 kutoka ukutani, yaani ampea 19 au zaidi. Inveta nyingi za bei nafuu huvuta ampea nyingi kuliko hesabu hiyo, wakati mwingine zaidi ya 25. Ndiyo maana breka huruka.

Ampea hizo 40 ni za upande wa tochi, si za ukutani. Wanunuzi wengi huchanganya hapa.

Mashine inahitaji laini yake maalumu kutoka kwenye boksi la umeme, ikiwa na breka, waya na soketi vinavyolingana, pamoja na athi iliyo imara. Kazi hiyo inapaswa kufanywa na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Nyaya ndefu nyembamba ni adui mwingine. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukibeba ampea 20, hupoteza takriban volti 14 njiani, na waya wenyewe hupata moto. Waya wa milimita mraba 4 wa urefu huo huo hupoteza chini ya volti 6. Ikiwa karakana iko mwisho wa laini ya umeme na jirani ana kinu cha posho, ni vyema volti zipimwe kinu kikiwa kinasaga. Mashine inayofanya kazi vizuri dukani inaweza kukataa kuwaka ikifikishwa mahali ambapo volti 240 zimeshuka hadi 200.

Kuanzia ampea 60 kwenda juu, fezi tatu ndiyo njia ya busara. Ampea hizo 60 huhitaji zaidi ya ampea 30 kwenye fezi moja, lakini kwa volti 415 mzigo huo hugawanyika na kuwa kama ampea 10 kwa kila fezi.

HEWA, NA MWINUKO WA BONDE LA UFA

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Tochi ya ampea 40 hutumia kati ya lita 120 na 190 za hewa kwa dakika, kwa shinikizo la baa 4.5 hadi 6. Kompresa inapaswa kuweza kutoa angalau mara moja na nusu ya kiasi hicho, ili isifanye kazi bila kupumzika.

Wanunuzi wengi huuliza ukubwa wa tangi. Tangi la lita 50 au 100 ni ghala tu. Linaloamua ni kiasi ambacho pampu hutoa kwa dakika. Hata hapo, kompresa nyingi huandikwa kiasi cha hewa zinachovuta, si kinachotoka baada ya kushindiliwa, nacho kinachotoka huwa pungufu sana. Swali la kumwuliza muuzaji ni: inatoa lita ngapi kwa dakika kwenye baa 6?

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo kutoka ng'ambo huligusia kwa maandishi madogo tu. Jiji la Nakuru liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi, na shinikizo lake ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kompresa ikivuta lita 100 za hewa ya Nakuru imepata hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Molo, ambako mwinuko unakaribia mita 2,500, upungufu unakaribia robo. Kompresa iliyotosha kwa shida Mombasa haitatosha Molo.

Mwinuko hupunguza pia nguvu za jenereta. Injini isiyo na tabochaji hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Jenereta ya kVA 10 huwa kama ya kVA 8 ikifika Nakuru. Isitoshe, viwango vya kimataifa vya mashine hizi huchukulia kuwa zitatumika chini ya mita 1,000, kwa kuwa hewa nyepesi haipoozi vizuri vifaa vya ndani. Kwa hiyo fundi wa kaunti hii anapaswa kununua akiwa na akiba, na kuipa mashine mapumziko zaidi ya yale yaliyoandikwa.

Hewa lazima pia iwe kavu. Maji na mafuta kutoka kwenye kompresa huharibu elektrodi haraka na kuufanya mkato kuwa mchafu. Kichujio cha maji ni kitu cha lazima, na tangi linapaswa kumwagwa maji kila siku, hasa msimu wa mvua.

Zipo mashine zenye kompresa ndani. Zinafaa kwa fundi anayefuata kazi nyumba kwa nyumba, lakini nyingi ni za mabamba membamba.

KUSOMA KIBANDIKO CHA NYUMA

Nyuma ya mashine huwa na kibandiko chenye herufi na nambari ambazo watu wachache huzisoma. Ndicho kinachosema ukweli kuliko boksi.

Herufi U1 ni volti za kuingia. I1max ni ampea nyingi zaidi ambazo mashine itavuta ukutani, nayo I1eff ni zile zinazotumika kuchagua waya. I2 ni ampea za tochi, na U0 ni volti zilizopo tochi ikiwa haikati. Kwenye plazma U0 huwa kubwa, mara nyingi kati ya 200 na 300, kwa hiyo kugusa ncha ya tochi iliyowashwa ni hatari ya kifo.

Herufi X huonyesha uwiano wa kazi na mapumziko ndani ya dakika 10. Ikiwa imeandikwa asilimia 40 kwa ampea 40, mashine inaweza kukata dakika 4 kisha ipumzike 6. Ikiwa ni asilimia 60, inakata dakika 6. Kipimo hiki hufanywa katika joto la nyuzi 40. Mashine iliyoandikwa ampea 40 bila X ni ahadi isiyo na tarehe.

Mashine ambayo haina kibandiko kabisa, au ambayo kibandiko chake hakina I1max, ni vyema iachwe dukani. Bidhaa zinazoingizwa nchini zinatakiwa pia kuwa na stika ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS.

VIPURI VINAVYOISHA

Elektrodi na ncha huisha kama diski za grenda zinavyoisha. Katikati ya elektrodi huwa na kitone cha metali iitwayo hafniamu ambacho hulika kidogo kila tochi inapowashwa. Shimo lake likifikia kina cha milimita 1.5 hivi, elektrodi inapaswa kubadilishwa pamoja na ncha. Fundi anayeendelea kuitumia huunguza tochi nzima, na tochi ni ghali.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya mashine, fundi aulize bei ya elektrodi na ncha, na kama zinapatikana Nakuru au lazima ziagizwe Nairobi. Mashine inayotumia tochi ya aina iliyozoeleka, ambayo vipuri vyake vinauzwa na maduka matatu tofauti, ni bora kuliko mashine nzuri ambayo vipuri vyake vinajulikana na duka moja.

Kuna pia suala la kuwasha. Mashine nyingine zinalazimu ncha iguse chuma ndipo moto uruke. Nyingine huwasha moto mdogo wa mwanzo kabla ya kugusa. Hizi za pili hukata vizuri zaidi chuma chenye kutu, rangi au wavu, na hazili ncha haraka. Kwa karakana zinazotegemea vyuma chakavu, tofauti hiyo inafaa kulipiwa. Baadhi ya mashine huwasha kwa mawimbi ya umeme ya kasi, ambayo huweza kuvuruga kompyuta iliyo karibu. Anayetarajia siku moja kuweka meza ya kukata kwa kompyuta aulize jambo hilo mapema.

MFANO WA HESABU

Chukulia karakana yenye mafundi watatu katika eneo la Njoro, inayotengeneza mashine za kukata nyasi na tela ndogo. Daftari lao linaonyesha kuwa kazi nyingi ni mabamba ya milimita 1.5 hadi 3, mara kwa mara milimita 6, na milimita 12 mara moja kwa mwezi.

Mashine ya ampea 40 inawatosha. Tochi yake inataka lita 150 za hewa kwa dakika. Ukizidisha kwa moja na nusu ni lita 225. Hiyo kwa kawaida ni kompresa ya nguvu-farasi 3 au zaidi, wala si ile ndogo ya kujazia magurudumu. Mota ya nguvu-farasi 3 ni kilowati 2.2. Jumla na mashine ni kilowati 6.7, yaani ampea 28 au zaidi kwa fezi moja, bila kuhesabu mshtuko wa mota inapoanza. Wakitaka kutumia jenereta, mzigo huo unahitaji kVA 8.4, na kwa mwinuko wa Njoro hata jenereta ya kVA 10 haitoshi.

Sasa pesa. Tuseme mashine, kompresa, kichujio, laini ya umeme na vipuri vya mwanzo vinafika Sh150,000. Ikiwa mashine inaokoa Sh500 kila siku ya kazi, baada ya kutoa umeme na vipuri, itajilipia kwa siku 300, karibu mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi siku sita kwa wiki. Ikiwa inaokoa Sh150 tu, ni siku 1,000, zaidi ya miaka mitatu, na huenda mkopo ukaisha kulipwa baada ya mashine yenyewe kuzeeka. Kila karakana iweke nambari zake halisi. Umeme ni rahisi kuukadiria: mashine ya kilowati 4.5 ikikata kwa jumla ya saa moja hutumia uniti 4.5, na bei ya uniti ipo kwenye ujumbe wa tokeni.

Hesabu ikikataa, haina maana kwamba karakana haiwezi kunufaika. Mafundi jirani wanaweza kununua mashine moja kupitia chama, kwani Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inaruhusu vyama vyao kusajiliwa. Au fundi mmoja mwenye mashine akawakatia wengine kwa malipo ya kila mita. Ikumbukwe pia kuwa si kila mkopo unatosha: Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, kikomo cha mkopo wa mtu binafsi kilikuwa Sh50,000. Kuchukua mkopo wa mashine na kukosa pesa za kompresa ndiyo njia ya uhakika ya kuifikisha mashine kwenye gunia.

MACHO, MAPAFU NA SHERIA

Mwanga wa plazma huunguza macho kama ule wa kuchomelea. Miwani ya jua haifai. Kwa ampea 20 hadi 40, kioo kinapaswa kuwa cha nambari 5 au zaidi. Ampea 40 hadi 60, nambari 6 au zaidi. Zaidi ya hapo, nambari 8. Anayetumia kofia ya kuchomelea aliyo nayo yuko salama zaidi, mradi aone mstari wake.

Moshi nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mabati yenye zinki hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka jioni hiyo hiyo. Chuma kisichoshika kutu hutoa moshi wenye kromiamu, ambao ni hatari zaidi. Kazi ifanyike mahali penye upepo, fundi akiupa upepo ubavu ili moshi usimpitie usoni, na barakoa iwe ya kuzuia chembe, si kitambaa.

Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au dawa lisikatwe kabisa kabla ya kusafishwa ipasavyo, hata kama limekaa wazi kwa miezi. Mvuke uliobaki hulipuka. Cheche za plazma huruka mbali, kwa hiyo magodoro, mbao na mitungi ya gesi visiwe karibu, na watoto wanaopita kando ya barabara wazuiwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, wakiwemo vibarua. Tangi la hewa ya kompresa pia ni miongoni mwa vifaa ambavyo sheria hiyo inataka vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, kwa sababu tangi lililoliwa na kutu ndani hupasuka kama bomu. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Kompresa na plazma zikifanya kazi pamoja ndani ya banda la mabati, vizibo vya masikio vinahitajika.

MASWALI KUMI YA KUMWULIZA MUUZAJI

1. Je, naweza kuiona ikikata bamba langu mwenyewe, hapa, kabla ya kulipa?
2. Milimita zilizotangazwa ni za mkato safi au za kutenganisha tu?
3. Inaweza kutoboa katikati ya bamba la unene gani?
4. I1max kwenye kibandiko ni ngapi?
5. X ni asilimia ngapi kwa ampea za juu kabisa?
6. Inahitaji lita ngapi za hewa kwa dakika, na kwa baa ngapi?
7. Inavumilia volti zikishuka hadi ngapi?
8. Elektrodi na ncha ni bei gani, na nani mwingine anaziuza?
9. Ikiharibika inatengenezewa wapi, na na nani?
10. Dhamana ni ya muda gani, imeandikwa kwenye risiti, na inahusu tochi pia?

Muuzaji anayejua bidhaa yake atajibu mengi ya maswali haya akiwa amesimama. Asiyejua atarudi kwenye milimita za boksi.

Swali la kwanza ndilo muhimu kuliko yote. Fundi aende na vipande vya bamba kutoka karakanani kwake, kile chembamba, kile cha kila siku na kile kinene, chenye kutu na rangi yake. Aangalie cheche: zikitoka chini zikiwa zimenyooka, kasi ni sawa, zikirudi juu, mashine haipenyi. Kisha ageuze kipande na kuangalia upande wa chini. Hapo ndipo ataona kama atapumzisha grenda, au atanunua mashine ya pili ya kumwongezea kazi ya kusaga.

Mafundi wanaohitaji kujifunza kabla ya kununua wanaweza kuuliza katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti vilivyo karibu nao, au katika Rift Valley National Polytechnic jijini Nakuru. Wale waliojifunza kazi mkononi bila cheti wanaweza kufanya mitihani ya daraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kwa leseni ya biashara na masuala ya eneo la karakana, mahali pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi.